Pampu Tatu

Pale Mtoni, ukiuliza kwa Twaha wa kunguru, hata mtu aliyehamia juzi atakupeleka mpaka mlangoni. Twaha Shomari alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mkavu, mwenye macho ambayo hayajawahi kuomba miwani, na bunduki ya upepo aliyoimiliki kwa kibali cha halali mwaka wa ishirini na moja sasa. Kunguru wanaodonoa vifaranga vya watu na kuiba nyama jikoni walimjua kwa sura. Watu waliapa kwamba akipita mikono mitupu ndege hawashtuki, akipita na ule mfuko wake mrefu mweusi wanahama mtaa.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya pampu. Chini ya mtutu kuna mkono unaofunguka. Unauvuta, unaurudisha, na kila unapoufunga, upepo unazidi kubanwa ndani. Mwisho wake ni pampu kumi. Twaha alikuwa hajui namba nyingine. Kunguru yuko juu ya mnazi, hatua arobaini, pampu kumi. Kunguru yuko juu ya bati la jirani, pampu kumi. Miaka yote hiyo mkono wake ulipiga kumi harakaharaka, huku mdomo ukizungumzia mpira au harusi ya fulani, na mkono haukukosea hata siku moja. Mkono ukishazoea kazi hauna haja ya kuuliza kichwa.

"Kitu nguvu," alipenda kusema. "Risasi isiyo na nguvu ni jiwe la mtoto."

Nguvu hizo ndizo zilizomtia matatani. Jirani yake Gaspar, mfugaji wa kuku wa mayai, alimwita siku moja amwulie panya aliyekuwa anamaliza mayai bandani. Panya alikuwa hatua nne tu, karibu kiasi kwamba Twaha aliona masharubu yake yakicheza. Akapiga pampu zake kumi kama kawaida, akalenga, akaachia. Risasi ikapenya mwili wa panya, ikapenya bati kuukuu la banda, ikavuka kichochoro, ikaingia kwenye tangi la maji la nyumba ya pili. Nyumba ya pili ilikuwa ya Bupe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tangi lilikuwa limejaa asubuhi hiyo hiyo, baada ya siku tano za mgao.

Hakuna aliyejua mpaka alasiri. Lita elfu moja zilitoka kwa mchirizi mwembamba, bila haraka, zikageuza ua wa Bupe kuwa shamba la mpunga. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya mgao ndiyo kabisa.

Bupe alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mrefu, wa sauti ya chini, mdogo kwa Twaha kwa miaka kama kumi na mitano. Alimwita ofisini kwake, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, akamkaribisha kiti, ndipo akaanza kumhukumu.

"Mzee wangu, mie sitaki makubwa. Sema tu kwamba ulikosea, mambo yaishe."

Hapa mtu mwenye akili husema samahani, akanywa chai, akaenda zake. Twaha akili alikuwa nazo, ila siku hiyo alizisahau nyumbani. Alitazama huku na huku, akawaona wajumbe wawili wamekaa pembeni, akaona heshima yake ya miaka ishirini na moja inataka kuanguka mbele ya watu.

"Tangi lile lilikuwa limeshaoza kwa jua," akasema. "Risasi yangu imelimalizia tu."

Bupe hakugomba.

"Sawa," akasema. "Basi tukubaliane. Tundu jingine moja tu katika mtaa huu, liwe la ukuta, liwe la bati, liwe la ndoo ya mtu, bunduki itakwenda kituoni, na barua nitaiandika mwenyewe. Karibu tena, mzee Twaha."

Twaha alitoka pale kifua mbele, lakini rohoni alikuwa ameshikwa. Alijua Bupe si mtu wa maneno matupu. Na alijijua mwenyewe: bila bunduki ile angekuwa mzee mmoja tu wa Mtoni, anayekaa barazani kuhesabu bodaboda.

*

Mwezi haukuisha, akaitwa na Haiderali.

Haiderali alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Kilwa, na juu ya duka ndiko walikokaa ukoo wao, vizazi vinne sasa. Nyuma ya nyumba, ghorofa hiyohiyo, kulikuwa na ukumbi mdogo wa majlisi ambao babu yake aliujenga. Kila mwaka mwezi wa Muharamu, ule ambao Twaha na watu wa pwani wanauita Mfunguo Nne, ndugu na jamaa walikusanyika pale siku kumi za maombolezo, wengine wakitoka mpaka Kipawa. Ubavuni mwa ukumbi kulikuwa na stoo ya vitu vya majlisi. Zilikuwa zimebaki siku tisa, na stoo ilikuwa na panya.

"Mitego ameshaijua yote," Haiderali alieleza wakipanda ngazi. "Sumu mama hataki. Panya atakula, ataingia darini, atafia huko, na wageni wangu watakaa na harufu siku kumi. Ile gundi tuliweka mara moja, alinasa mwenzake akalia mchana kutwa, mama akakataa kula."

"Na paka?"

"Paka wetu anakula samaki wa kuchemshwa, ametolewa miba. Ukimwonyesha panya atakuuliza ni nini."

Twaha alicheka. Kazi ilimpendeza kabla hajaiona. Haiderali akafungua mlango wa stoo, akawasha taa. Kilikuwa chumba chembamba. Chini zilikaa sufuria kubwa za shaba za kupikia niazi, chakula cha sadaka cha majlisi, na mazulia yaliyokunjwa. Ukutani mbele kulikuwa na rafu mbili: ya juu imepangwa taa za vioo vyekundu na vya kijani, za mafuta, za zamani, na ya chini limekunjwa pazia jeusi lenye darizi ya nyuzi za fedha. Pembe moja ya pazia ilikuwa imetafunwa.

"Hutokea hapo nyuma ya sufuria ya mwisho," alisema Haiderali. "Hupenda kukaa juu ya ukingo wake, kama mwenye nyumba."

Twaha alipima kwa macho. Hatua nne.

"Nipe dakika kumi, Bwana Haiderali. Hata chai yako haitapoa."

"Dakika kumi?" Sauti ilitoka nyuma yao. Alikuwa Bi Zohra, mama yake Haiderali, miaka themanini na miwili, tasbihi mkononi. Alizaliwa palepale Temeke, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa zamani, cha polepole.

"Shikamoo, Bi Zohra."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kunguru?"

"Ndiye mie."

"Nikuulize basi. Risasi yako ikishamaliza na panya, inakwenda wapi?"

Miaka ishirini na moja watu walikuwa wamemwuliza Twaha kama atapata, atapata lini, na kama anaweza kuwaachia mabawa ya kutishia wengine. Hili hakuna aliyewahi kumwuliza. Na jibu alilijua: lilikuwa kwenye tangi la Bupe.

Bi Zohra aliingia stoo, akaweka kiganja chake karibu na pazia bila kuligusa.

"Hili alilishona mama yangu miaka miwili, akamaliza nalo macho yake. Damu ikiruka hapa, pazia limeingia najisi. Na kulitwaharisha ni lazima maji, na nyuzi hizi zikiingia maji zinageuka nyeusi. Basi ndiyo mwisho wake."

"Si tulitoe kwanza, Bi Zohra? Mlihamishie chumba kingine."

"Halitoki. Desturi ya nyumba hii, pazia halitoki stoo mpaka mwezi uandame. Mama yangu aliishika, bibi yangu aliishika. Nianze kuivunja mie kwa sababu ya panya?"

Haiderali alitazama chini. Ilionekana wameshabishana habari hiyo, na kwamba Bi Zohra hakushindwa.

Twaha alitazama pale: ukingo wa sufuria, nyuma yake pazia, juu yake vioo vya wazee wa zamani. Kwa pampu kumi risasi ingempitia panya na damu yake, ikaingia kwenye pazia, ikagota ukutani. Tundu la ukuta. Bunduki kituoni, barua ya Bupe. Aliona yote hayo kwa mpigo mmoja, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaogopa.

"Nipe siku tatu," akasema.

Haiderali alishangaa. "Si ulisema dakika kumi?"

"Nilisema kabla sijaulizwa."

Bi Zohra akatabasamu. Haiderali akaongeza kwamba kwa kuwa bunduki italia katika mtaa, hata ya upepo, ingebidi Mwenyekiti aarifiwe. Jioni ile Bupe akajibu kwa simu: apige tu, lakini yeye mwenyewe atakuja kusimama nyuma yake.

*

Siku ya kwanza Twaha aliimaliza uani kwake, na miche minne ya sabuni ya kufulia aliyoichukua bafuni bila ruhusa. Alikuwa amefikiri hivi: mwili wa panya si bati wala si mbao, ni laini na unashika, na katika nyumba yake hakukuwa na kitu laini kinachoshika isipokuwa sabuni ya mche. Akausimamisha mche mmoja juu ya tofali, nyuma yake ubao, nyuma ya ubao gunia la pumba. Akahesabu hatua nne.

Pampu kumi zikapita sabuni, zikapita ubao, risasi ikapotelea kwenye pumba. Saba, vilevile. Pampu tano zikapita sabuni, risasi ikagota kwenye ubao. Kwa pampu nne risasi ilichungulia upande wa pili, ikadondoka. Akapiga tatu. Bunduki ililia kidogo tu, kama mtu anayefungua soda, na risasi ikaingia kwenye sabuni, ikakaa humo.

Akabadilisha na risasi zenyewe. Zile za ncha alizozitumia kwa kunguru akaziweka kando, akatoa kopo la zenye kichwa bapa, nzito kidogo, lililokaa kabatini miaka bila kazi. Ya ncha huchoma ikapita. Ya bapa husukuma, ikachoka, ikasimama. Kwa pampu tatu, risasi ya bapa ilisimama nusu ya mche, mara tano mfululizo.

Mkewe Mwanabaraka alitoka na beseni la nguo, akaona sabuni zake.

"Baba Najat, hizi sabuni zimekukosea nini?"

"Nazipima."

"Sabuni inapimwa kwa kufulia." Akauinua mche mmoja, akachungulia tundu. "Basi kanzu yako ya Ijumaa nitaifua na huu wenye risasi. Ukiwashwa msikitini usinitafute."

Alicheka mwenyewe mpaka beseni likamtoka mkononi, na Twaha naye akacheka. Alijisikia vizuri. Alikuwa na namba mpya mfukoni, na aliipenda.

Ila sabuni haifi. Siku ya pili aliliwaza hilo tangu alfajiri. Risasi dhaifu ikimpata panya vibaya, itamjeruhi tu, atakimbilia darini na maumivu yake, afie huko siku ya tatu. Hiyo ni dhambi kwa mnyama, na kwa Bi Zohra ni harufu ileile aliyoikimbia kwenye sumu. Risasi ndogo ilitaka mahali padogo: nyuma kidogo ya jicho, chini ya sikio, si pengine. Akaenda kwa Gaspar.

"Wewe tena?" alisema Gaspar. "Mwenyekiti akituona?"

"Ataona gunia." Alikuwa amelibeba gunia lake la pumba begani. Akalitundika nyuma ya mahali panya anapopita, akasubiri saa nzima na nusu kwenye harufu ya mbolea. Panya akatoka. Twaha akalenga chini ya sikio, akaachia, na risasi ikachimba vumbi chini ya kidevu cha panya. Panya akaondoka zake bila hata kukimbia sana.

Gaspar alikohoa ili asicheke. Twaha wa kunguru kukosa hatua nne! Masikio yalimwaka. Kwa ukaidi wake angeweza kusema risasi ni mbovu, au kuku wamempigia kelele. Badala yake aliigeuza bunduki ubavu, akaitazama kama ambaye hajawahi kuiona. Darubini ilikaa juu, mtutu ukakaa chini, na yeye alikuwa amezipanga zikutane kule mbali, hatua arobaini, kwa kunguru. Kwa hatua nne zilikuwa bado hazijakutana. Jicho lilitazama sikio, mtutu ulitazama kidevu.

"Kidole kimoja juu," alijisemea.

Panya wa pili alitoka baada ya adhuhuri. Twaha alilenga kidole kimoja juu ya mahali alipopataka. Panya akalala palepale, hata mkia haukucheza. Alipomgeuza kwa kijiti aliona katundu kadogo upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Damu, tone moja dogo limeganda kwenye manyoya. Alifurahi mpaka akaona haya.

Jambo moja tu lilimsumbua: mkono. Mara mbili siku ile aliukuta umeshapita tatu, umefika tano, umefika sita, unaendelea wenyewe kwa mazoea. Na upepo ukishaingia kwenye bunduki ile hautoki ila kwa kuachia. Mara zote mbili alilazimika kuupiga kwenye gunia na kuanza upya.

*

Siku ya tatu alifika kwa Haiderali saa nane mchana, saa ambayo duka hufungwa kidogo kwa chakula na nyumba hupoa. Gunia na mche wa sabuni aliviacha uani. Stooni alitandika karatasi nyeupe chini ya sufuria ya mwisho na juu ya mazulia, akaweka kipande cha nazi iliyochomwa kwenye ukingo, akazima taa kubwa, akaacha moja ndogo. Wakatoka, wakaacha mlango na upenyo. Kupampu kungefanyika ujiani, maana sauti ya ule mkono panya angeisikia.

Bi Zohra alikaa kwenye kiti cha plastiki na tasbihi yake. Haiderali alichungulia mlangoni. Robo saa. Nusu saa.

"Katoka," alinong'ona Haiderali. "Amekaa ukingoni. Anakula."

Twaha akaingiza risasi ya bapa, akafungua mkono wa bunduki. Moja. Na hapohapo Bupe akaingia kutoka ngazini, amevua viatu, amejitanda khanga kwa heshima ya nyumba.

"Shikamoo, mzee Twaha," alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, Mwenyekiti."

"Habari za tangu siku ile?"

"Njema tu."

"Mama Najat hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Na Najat, huko Ubungo?"

"Mzima kabisa, tunashukuru."

"Kile kikohozi chako?"

"Kimepoa."

"Haya, poleni na kazi."

"Tumeshapoa."

Mtu mzima wa Mtoni hakatishi salamu, hata nyumba ikiungua. Utamwona anaitikia huku anabeba ndoo. Twaha alizijibu zote, moja baada ya nyingine, kwa adabu kamili. Zilipoisha alishusha macho, akaukuta mkono wa bunduki umefungwa. Pampu ngapi, hakujua. Zingeweza kuwa tatu. Zingeweza kuwa nane.

Haiderali alikuwa anampungia, upesi, upesi. Kupitia upenyo Twaha alimwona panya waziwazi, ubavu, ameshika nazi kwa mikono miwili kama muumini anayekula daku. Nyuma yake nyuzi za fedha ziling'aa. Asingempata tena hivi leo, pengine asingempata tena kabisa kabla ya mwezi kuandama. Na nyuma yake yeye Twaha alisimama Bupe, aliyekuja kuona atakosea wapi. Hakuna hata mmoja pale aliyehesabu. Angeweza kuingia na kubahatisha, na zikiwa tatu, hakuna ambaye angejua kitu maisha yake yote.

Alitaka kuingia. Miguu yake ilitaka. Kisha akamwona Bi Zohra amekaa pale kwenye kiti, hatazami bunduki, anamtazama yeye, na akajua kwamba yule mama alikuwa amemkabidhi pazia lililomaliza macho ya mama yake.

"Nimepoteza hesabu," akasema Twaha.

"Nini?" Haiderali alinong'ona.

"Sijui nimepampu ngapi. Siwezi kuingia nayo hivi."

Yalikuwa maneno machache, na yalimtoka kama jino. Hakumtazama Bupe. Alishuka uani na bunduki yake, akasimamisha mche mbele ya gunia, akaachia. Mlio ulikuwa mkali, na risasi ikapita sabuni yote mpaka kwenye pumba. Alipoupeleka mche juu, Bi Zohra aliuchukua, akachungulia lile tundu, akaona mwanga upande wa pili. Akaupitisha kwa Bupe. Bupe naye akachungulia.

Panya alikuwa ameshakimbia, mlio umemshtua. Wakasubiri upya. Saa tisa ikapita. Haiderali alishuka kufungua duka, akarudi. Bupe alikataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Ilipokaribia saa kumi, Haiderali akainua kidole kimoja bila kusema.

Twaha akaingiza risasi nyingine ya bapa, akapiga magoti kando ya kiti cha Bi Zohra.

"Nihesabie, Bi Zohra. Mkono wangu hausikii."

"Mie nihesabu? Si ndiyo kazi yangu kutwa." Akashika tasbihi. Twaha akavuta mkono wa bunduki, akaufunga polepole. Kete moja ikateleza. "Moja." Akavuta tena. "Mbili." Akavuta tena. "Tatu. Basi, mwanangu."

Na kweli mkono ulitaka kuendelea. Aliusikia unavyotaka. Bi Zohra akauwekea kiganja chake kikavu juu, chepesi, mpaka ukatulia.

Aliingia bila viatu. Panya alikuwa ukingoni, nazi mkononi. Twaha aliweka alama ya darubini chini ya sikio, akaipandisha kidole kimoja, akashusha pumzi. Bunduki ikafungua soda yake ndogo. Panya akadondoka juu ya karatasi nyeupe, nazi ikadondoka baada yake, na chumba kikawa kama kilivyokuwa.

Haiderali akawasha taa. Twaha alimwinua panya kwa karatasi, akawaonyesha: katundu kamoja, tone limeganda kwenye manyoya, karatasi nyeupe kote. Bi Zohra alichukua leso safi ya karatasi, akaipitisha kwenye pazia, mkunjo kwa mkunjo, akaileta kwenye mwanga. Ilikuwa kavu na nyeupe. Akaipitisha kwenye ukingo wa sufuria. Kavu na nyeupe. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta kwa leso hiyohiyo.

"Mama yangu angekuombea dua," akasema. "Basi nitakuombea mie."

Bupe alikwenda moja kwa moja ukutani. Aliupapasa kwa viganja vyote viwili nyuma ya rafu, akahesabu vioo vya taa, akainama, akaangalia mazulia. Alitafuta tundu kama mtu anayetafuta pete yake. Hakulipata. Akarudi, akasimama mbele ya Twaha, khanga imeshika vumbi.

"Kumbe inaweza kupiga hivi," akasema.

"Inaweza."

"Tangu lini, mzee Twaha?"

Swali lilikuwa jepesi, lilisemwa bila ukali. Angeweza kusema tangu alipobadilisha risasi, tangu alipoipeleka kwa fundi, tangu wiki hii. Bunduki yake ilikuwa salama mkononi, na tundu halikuwepo. Hakuwa na deni la kujibu. Haiderali na mama yake walikuwa wanasikiliza, na walikuwa na uzito kuliko wale wajumbe wawili wa ofisini, kwa maana hawa aliwaheshimu.

"Tangu siku niliyoinunua," akasema Twaha. "Tangi lako lilikuwa zima, Mwenyekiti. Mie ndiye niliyelitoboa. Nisamehe."

Bupe alijifunga khanga upya, taratibu.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakusubiri."

Akachukua viatu vyake pale mlangoni, akashuka ngazi mbili, akageuka.

"Kesho saa nane uje kwangu. Kuna panya nyuma ya tangi jipya, anakula mpira wa bomba. Bi Zohra akiwa na nafasi mlete, la sivyo nitahesabu mwenyewe." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila shikamoo nitakupa ukishamaliza kupampu."